Si Anapumua?

Leso ya mzazi hununuliwa Biashara Street mtoto angali tumboni. Mamangu hugeuza jozi hata kumi, akisoma jina la kila moja, ndipo aridhike. Lakini dadangu alijifungua wiki ya 29, na wakati wa kuchagua haukuwepo. Nilichukua jozi ya pamba laini nikakimbia nayo wodini, maana mtoto alitakiwa afungwe kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Puani alikuwa na kimpira cha oksijeni.

Niliporudi dukani kutafuta jozi ya pili, mama mmoja aliniuliza hali ya mzazi. Nikamwambia wote wazima, ila mtoto atapimwa macho akifika wiki ya nne. Akashangaa: "Si anapumua? Macho nayo yana nini tena?"

Yana haya. Mishipa ya damu ya retina hukamilika karibu na miezi tisa. Mtoto wa miezi saba huja duniani mishipa ikiwa ingali njiani. Oksijeni ikizidi, mishipa husimama kukua. Baadaye retina huona njaa, na mishipa mipya huota ovyo, huvuja, hata huweza kuivuta retina ikabanduka. Kwa nje jicho ni zuri tu.

Dunia ilijifunza haya kwa gharama. Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa Boston aliandika kuhusu upofu huu mpya, bila kujua chanzo. Uliwapata hasa watoto wa hospitali zenye vifaa bora. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne aliinyooshea oksijeni kidole, na utafiti mkubwa Marekani ukathibitisha. Kufikia hapo watoto kama 10,000 walikuwa wamepofuka. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950 kabla ya wakati, ni miongoni mwao.

Madaktari wakaogopa, wakaibana oksijeni. Watoto wakafa kwa kukosa pumzi. Kwa hivyo dawa si kuifunga wala kuifungulia tu, ni kuipima: kifaa kidogo mguuni kinachosoma oksijeni ya damu, na mashine ya kuichanganya na hewa. Vifaa hivi havipo kila wodi. Na kadiri watoto wadogo zaidi wanavyopona huku kwetu, ndivyo macho zaidi yanavyohitaji kuangaliwa.

Mtoto wa dadangu alipimwa, akaonekana na dalili za mwanzo. Akarudishwa kila baada ya wiki mbili hadi mishipa ikatulia yenyewe, kama inavyotokea kwa wengi. Zisipotulia, kuna leza, lakini leza haingoji. Wiki chache zikipita, huenda hakuna la kuokoa.

Basi ukimpelekea leso mzazi wa miezi saba, mpe pongezi zake zote. Kisha muulize, taratibu: tarehe ya macho ni lini? Na kama hana nauli ya kwenda, hapo ndipo pa kutunza.