Theluji Madaba

Kompyuta ya nyumbani kwetu ilitiwa mapambo ya Noeli: misonobari, kengele na theluji tele. Misonobari tunayo, tena mingi, kule shamba la miti la Wino. Lakini theluji! Hapa Madaba Noeli huja na mvua, watu wako kondeni na majembe. Basi nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, nikafungua mahali pa kuchagulia picha, nikaweka ya marehemu mama akipalilia mahindi. Ilipigwa kwa simu Desemba 2019, masika yake ya mwisho. Mjukuu asiyemjua huuliza, “Bibi atapumzika lini?” Kiangazi kilipofika watoto walidai picha ya mavuno. Nimewaambia wangoje.