NetBEUI na Tabaka Lililokosekana

Mwishoni mwa miaka ya 1990, nilipoanza ufundi wa mitandao Dar es Salaam, ofisi nyingi nilizohudumia zilikuwa na kompyuta chache za Windows 95, habu moja na printa ya kugombania. Itifaki ya NetBEUI ilizitosha kabisa. Haikutaka anwani, ukishaipa kila mashine jina lake, watu wanaanza kuchapisha. Niliipenda kwa dhati.

Darasani tulikariri matabaka saba ya OSI, kielelezo kilichochapishwa na ISO mwaka 1984. Lakini NetBIOS, ambayo NetBEUI huibebea data, ilibuniwa 1983, haikuchongwa kwa kipimo hicho. Yenyewe ni namna ya programu kuomba huduma: kusajili jina, kufungua kikao, kutuma ujumbe. Ndiyo maana huwekwa tabaka la tano. Chini yake NetBEUI inasafirisha data, kisha inashuka moja kwa moja hadi tabaka la pili, kwenye kadi ya mtandao. Tabaka la tatu, la kutafuta njia, halimo.

Pengo hilo nililiona kazini, taasisi moja ilipofungua jengo la pili na kuliunganisha kwa ruta. Kebo nzima, taa za habu zinawaka, mashine za jengo moja zinaonana. Za jengo la pili, kimya.

"Fundi, hiyo ruta mbovu?" mkuu wa ofisi akaniuliza.

"Hapana, mzee. Ruta ni nzima, ila haina cha kusoma."

Ruta huamua njia kwa anwani ya mtandao iliyomo ndani ya pakiti. Zetu zilibeba majina na anwani za kadi tu.

Dawa ilikuwepo tangu Machi 1987, katika hati za viwango RFC 1001 na 1002: NetBIOS ileile ipandishwe juu ya TCP na UDP, majina yapite poti 137, datagramu 138, vikao 139. Programu za ofisi hazikuguswa. Kilichobaki ni majina, maana mashine huyatafuta kwa kutangaza kwa wote, na kwa kawaida ruta haivushi matangazo hayo. Nikaandika faili la lmhosts katika kila kompyuta: anwani ya IP, nafasi, jina la seva. Jioni ile mhasibu wa jengo la pili alifungua folda ya mishahara.

Tangu Windows 2000, SMB, itifaki ya kushiriki faili na printa, inaweza kupita poti 445 bila NetBIOS. Hata hivyo, vijana ninaowafundisha wakiniuliza itifaki fulani iko tabaka la ngapi, nawafungulia pakiti yake kwanza, tutafute ni kazi ipi haifanyi.