Tulivyobana matumizi ili mmoja wetu asomee uuguzi

Tangu mdogo wetu aweke picha yake akiwa amevaa yunifomu ya uuguzi, wengi mmetuuliza: mlipata mfadhili wapi? Hatukupata mfadhili. Tuko wasichana watatu, tulikuwa chumba kimoja, na tulibana matumizi mpaka ikauma. Tumekubaliana kuandika pamoja, ndiyo maana mtasoma "sisi" kila mahali. Kuna mambo humu ambayo mmoja alifanya na wawili wakakasirika. Mengine hatutasema ni nani.

Sisi ni Wakongomani wa Ituri. Familia zetu ziko Lobule, wilaya ya Koboko. Tulikuja Arua kutafuta kazi, maana sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea tunakotaka. Dada mkubwa alipata kuosha vyombo hotelini. Wa katikati ana cherehani pale sokoni. Mdogo, ambaye alisoma Koboko mpaka S4 na anajua Kiingereza kutupita, alikuwa anaitwa kutafsiri kwa wagonjwa. Siku akiitwa analipwa, siku asipoitwa analala njaa kama sisi wengine.

Wazo la uuguzi lilitoka huko kwenye kutafsiri. Siku moja mama mmoja mjamzito alifika kliniki akasema, "Mtoto hachezi tangu jana." Mtu aliyekuwa karibu akajitolea kutafsiri, akamwambia nesi kwamba mtoto wa huyu mama hataki kucheza. Nesi akaelewa ni mtoto aliyebaki nyumbani, akamwambia mama akae kwenye foleni na wengine. Akakaa. Mdogo wetu alipofika na kumsikia akilalamika, akakimbia kumwita nesi: mtoto anayesemwa yuko tumboni! Tunamshukuru Mungu, alizaliwa hai. Lakini ile jioni mdogo hakula. Alisema, "Nimechoka kuwa mdomo wa nesi. Nataka kuwa nesi mwenyewe."

Dada mkubwa alinyamaza. Sote tulijua kwa nini. Yeye ndiye aliyetaka uuguzi tangu Kongo, na ana diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, ile ya mtihani wa taifa. Ila karatasi yake ni ya Kifaransa, na ili chuo cha Uganda kiipokee lazima kwanza UNEB wailinganishe na masomo ya huku, na hiyo inalipiwa. Halafu Kiingereza. Mdogo alikuwa na matokeo ya Uganda tayari, Baiolojia, Kemia na Fizikia ziko ndani. Kama pesa ni ya mtu mmoja, nani aende? Tulibishana karibu wiki mbili. Mmoja wetu alilia usiku akidhani wengine wamelala. Mwishowe dada mkubwa mwenyewe ndiye aliyesema mdogo atangulie, na hatutadanganya kwamba alisema akicheka.

Kuhusu ufadhili, tulitafuta. DAFI, ile ya UNHCR iliyoanza 1992 kwa msaada wa Ujerumani, inalipia shahada ya kwanza. Sisi tulitaka cheti, miaka miwili na nusu, mihula mitano. Ukitaka cheti, mlango huo si wako. Basi.

Tukanunua daftari. Mwezi wa nane 2023 wote tuliandika kila shilingi, hata ya kashata. Tukakuta sisi watatu tunaingiza kama 430,000 kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri: 130,000 za hoteli, 200,000 za cherehani, 100,000 za kutafsiri. Na tunatumia 427,000. Chumba 70,000, chakula 150,000, bodaboda 48,000, makaa 35,000, bando na simu 30,000, nywele 25,000, kwenda Koboko na kurudi pamoja na vya kubeba mkononi 60,000. Na 9,000 za kutoa pesa kwenye MoMo. Hiyo ya mwisho ilituchekesha kwanza, halafu ikatuudhi. Tulikuwa tunatoa elfu tano, elfu kumi, kila siku mbili tatu, na kila ukitoa unakatwa makato, serikali nayo inachukua nusu asilimia. Tunalipa watu ili watupe pesa yetu wenyewe!

Chuo kilitaka 1,250,000 kwa muhula, hosteli na chakula humo humo. Muhula wa kwanza uongeze na vitu vya orodha: godoro, boksi la glavu, rimu za karatasi, mafagio, Jik, viatu, saa yenye mshale wa sekunde. Ule mshale ni wa kuhesabia mapigo ya moyo, simu hawaitaki. Tukaweka 300,000 kwa hayo yote.

Chumba ndicho tulichoanza nacho. Tulihama kutoka mjini tukaenda kwenye nyumba ya nyasi nje kidogo, upande wa barabara ya Koboko, 40,000. Hakuna umeme, lakini kwenye joto la Januari nyasi ni bora kuliko mabati, waliolala chini ya mabati Arua wanajua. Kwenda sokoni ni mwendo wa dakika arobaini kwa mguu. Bodaboda ikabaki ya mvua kubwa au usiku tu. Maharage tunaloweka usiku, tunapika ya siku mbili, makaa yakashuka. MoMo tunatoa mara moja kwa mwezi. Bando tukaweka simu moja kwa watu watatu. Mnajua Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, ukitaka kuingia ni kwa VPN, na VPN inakula bando kama mbuzi kwenye shamba la mihogo. Tukaiacha. Ndiyo maana wengine wenu mlisema tumejidai. Hatukujidai jamani, hatukuwa na bando.

Nywele tulinyoa. Wote watatu, siku moja, kwa wembe mmoja mmoja. Tulicheka sana. Ila hatukufikiria nyumbani. Tulipofika Lobule, mama alituona kwa mbali tukija na vichwa vitupu, akaweka mikono kichwani akaanza kupiga yowe: "Nani amekufa?" Majirani wakakimbia. Kwetu, mkinyoa wote hivyo ni matanga. Ikabidi tueleze mbele ya watu wote kwamba hakuna maiti, tunatafuta karo.

Hapo ndipo tulipogundua kitu ambacho daftari halikuonyesha. Ile 60,000 ya Koboko, nauli ilikuwa sehemu ndogo. Kubwa ilikuwa aibu. Mtu anayefanya kazi mjini hawezi kufika nyumbani mikono mitupu, basi tunabeba sukari, sabuni, mkate, na shangazi naye anataka soda. Baada ya kile kisa cha nywele mama alisema, "Msilete tena sukari. Leteni risiti ya shule." Na tuliporudi Arua alitufungia unga wa muhogo gunia nusu. Mwezi huo tulikula unga wa mama.

Kuhusu mahali pa kuweka akiba. Kwetu Kongo tunafanya likelemba, marafiki wa Sudan Kusini wanaita sanduku. Vikundi vikubwa vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu na watu watatu wenye funguo. Sisi tulikuwa na kopo la maziwa ya unga na kufuli moja, na ufunguo tukampa mama mwenye nyumba. Yeye ni Mlugbara. Baada ya mwaka 1979, Amin alipoanguka na watu wa West Nile wakakimbia, alibebwa mgongoni akiwa mtoto mpaka Zaire, akakulia upande wa Aru. Kwa hiyo anajua Lingala kidogo na anajua ukimbizi sana. Masharti yake: anayetaka kufungua kopo kabla ya mwisho wa mwezi amweleze sababu, kwa Kilugbara. Kilugbara chetu ni cha kununulia nyanya. Jaribu kueleza kwa lugha ya nyanya kwa nini unahitaji viatu vipya. Unarudi kulala.

Kwa hesabu ya daftari tulikuwa tunabaki na 242,000 kila mwezi, ndani ya miezi saba tungekuwa tumefika. Tulitumia kumi. Kuna miezi kutafsiri hakukuwepo, kuna misiba miwili ya kuchangia, na kuna kosa letu, ambalo tunaliandika ili msilirudie.

Tulipunguza chakula vibaya. Mwanzoni tuliacha nyama na samaki, sawa. Halafu tukaacha maharage siku za katikati ya wiki, tukawa posho na lengalenga, chai bila sukari asubuhi, mchana hakuna. Dada hotelini alikuwa anakula kazini, kwa hiyo hakuona haraka tulivyokonda. Tukaacha kununua pedi, tukarudi vitambaa, na sabuni ya kufulia vitambaa nayo tukaibana. Chandarua kilichanika tukasema tutashona kesho, nyumba yenye fundi cherehani ndani! Wa katikati akapata malaria. Ili kuokoa pesa akanunua nusu ya dawa dukani, akasikia nafuu, akaacha. Wiki iliyofuata alianguka sokoni, akalazwa siku nne. Tulilipa 86,000 kwa dawa, dripu na chakula cha wodini, na mashine ilifunikwa wiki mbili bila kazi. Nusu ya dawa ilituokolea elfu tatu. Hesabuni wenyewe.

Baada ya hapo tuliandika kwenye jalada la daftari vitu ambavyo haviguswi: maharage, sabuni, pedi, chandarua, dozi nzima. Mdogo alipoanza chuo akaja likizo ya kwanza, alisoma lile jalada akatufokea upya kama nesi mzee. Tulimwacha afoke. Tulikuwa tumelilipia.

Alianza mwezi wa saba 2024. Siku ya kumpeleka tulibeba godoro kichwani kwa zamu, maana bodaboda alitaka bei ya watu wawili. Chuo kinaruhusu kulipa nusu ukiingia na nusu iliyobaki kabla ya mtihani. Usipomaliza, hupati kadi ya mtihani, hata kama ulikuwa wa kwanza darasani. Yeye akiwa shuleni hatuna tena pesa ya kutafsiri, tumebaki wawili na 330,000. Muhula wa kwanza ukapita.

Wa pili ndio uliotupima. Wakubwa wanakumbuka jinsi chakula kilivyopungua: 2020 kikawa asilimia 70, 2021 kikawa 60, 2023 wakatugawa kwenye makundi matatu. Mwaka 2025 WFP ikasimamisha kabisa kwa karibu watu milioni moja Uganda, na jina la mama lilikuwa kati ya hao. Hakutupigia yeye. Alipiga kaka yetu mdogo, akaongea kwa sauti ya chini, akasema mama anasema amefunga lakini sisi tunajua si kufunga. Ilikuwa mwezi wa tano, mtihani uko karibu, na kwenye kopo kulikuwa na 280,000 za nusu ya pili ambayo hata yenyewe haijatimia.

Mmoja alisema tupeleke zote nyumbani, shule itasubiri. Mwingine alisema shule haisubiri, na nesi mmoja atalisha nyumba miaka thelathini. Wote walikuwa na haki, na walisemeshana maneno ambayo bado yanauma. Tulienda kwa mama mwenye nyumba kuomba ufunguo. Safari hii hakutaka Kilugbara. Alifungua tu. Tulipeleka 100,000 Lobule, dada mkubwa akaomba mshahara wa mwezi unaofuata kabla, na mdogo akaenda kuongea na mhasibu wa chuo mwenyewe. Alipewa kadi asubuhi ya mtihani wa kwanza, wenzake wameshaingia chumbani. Alifaulu. Lakini deni tuliloanza nalo muhula wa tatu lilitoka hapo.

Sasa tunadaiwa 310,000 na mtihani ni mwezi ujao. Tangu mwezi wa tano tunapeleka nyumbani 40,000 kila mwezi, na mstari huo tumeuandika juu kabisa, kabla ya kodi. Mtu akituuliza tumepunguza nini tena, hatujui. Hakuna kilichobaki cha kupunguza, ni kuongeza kazi tu. Wa katikati anashona mpaka saa nne za usiku kwa taa ya sola. Krismasi ndio msimu wa cherehani.

Dada mkubwa ana ukurasa wake nyuma ya daftari. Juu ameandika "UNEB", chini yake kuna elfu mbili, elfu tatu, elfu moja. Anasoma Kiingereza kwenye madaftari ya muhula wa kwanza ya mdogo, kwa hiyo Kiingereza chake ni cha mifupa na mishipa, hawezi kuagiza chai lakini anaweza kukutajia mfupa wa paja. Mdogo ameandika kwenye ukurasa huohuo, kwa wino, kwamba mishahara yake ya mwaka wa kwanza ni karo ya dada. Dada alisoma, akasema, "Tutaona." Hakusema zaidi, na sisi hatukumuuliza.

Kama kuna mtu anataka nguo ya Krismasi, mashine iko palepale sokoni. Leteni kitenge mapema, kabla ya tarehe kumi, bei tutaongea.