Siku Moja Ndani ya Karura

Kwa miaka mingi mimi na Baba Neema tulipita kando ya msitu wa Karura tukiwa ndani ya matatu, wala haikutujia kushuka. Mama aliyeishi Nairobi zamani anajua sababu. Nilipokuja jijini kusomea uuguzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Karura lilikuwa jina la kutishia. Huko ndiko maiti zilikotupwa na wezi walikojificha, na msichana mwenye akili hakukaribia hata ukingo wake.

Kilichotupeleka ni presha. Mume wangu ana miaka 48, anakaa ofisini kutwa, na pamoja na vidonge anavyomeza, kipimo chake hakishuki chini ya 150 kwa 95. Aliambiwa atembee walau nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Dada msomaji, naona aibu kusema, lakini mimi ninayewaeleza wagonjwa jambo hilo kila siku nilishindwa kumtoa mtu wangu kitini. Kila nilipomkumbusha aliona namkemea. Basi Jumamosi moja sikutaja presha. Nilisema watoto wanataka kuona maporomoko ya maji.

Tulipanda matatu ya Ruaka na kushuka penye lango la barabara ya Limuru. Langoni hulipi kwa noti, hivyo uwe na pesa kwenye simu. Maji beba kwenye chupa ya chuma, kwa kuwa tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa katika misitu na mbuga za wanyama zinazohifadhiwa nchini Kenya. Vaa raba, mama mmoja tuliyemkuta njiani alikuwa amevua viatu vyake vya kisigino na kuvibeba mkononi.

Mtu anaposikia msitu wa mjini hudhani ni bustani kubwa. Karura una hekta zipatazo 1,000, na ukishaingia kidogo honi za magari hazisikiki tena. Njia zake ni za udongo mwekundu, na kila panapogawanyika pana kigingi chenye namba. Kitindamimba wetu, wa miaka 8, alijipa kazi ya kusoma namba hizo, akatupoteza mara moja tu. Baiskeli za kukodi zipo. Kima nao wapo, tena hawana haya: mmoja alichukua mandazi mawili kutoka kwenye kikapu changu nami nikitazama. Mbega, wale weusi wenye mkia mweupe, walirudishwa msituni katika miaka ya 2010, nao hukaa juu bila kumsumbua mtu. Watoto walicheka sana walipoona tanuri kuukuu ambamo Benki Kuu ilikuwa ikichoma noti chakavu. Neema alitaka kuchungulia kama hakuna iliyosalia.

Kwenye mapango ndipo baba yao alipoanza kusema. Aliwaambia watoto kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Kisha, bila kuulizwa, akaendelea na habari ambayo katika ndoa yetu yote nilikuwa nimeisikia nusu tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilijulikana kwamba vipande vya msitu huu vimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda miti, wakashambuliwa na kundi la wanaume, naye akapasuliwa kichwa. Majuma machache baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Chuo kilifungwa, akarudishwa nyumbani, na baba yake hakusema naye kwa mwezi mzima, kwa kuwa karo ilikuwa imetokana na kuuza ng'ombe. Agosti mwaka ule Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

“Nilikimbia mabomu ya machozi kwa ajili ya msitu ambao sikuwahi kuuona,” alisema. Neema, ambaye kwa miaka 15 yake hajapata kumwona baba yake kama kijana, alimtazama tu.

Tuliteremka ngazi hadi kwenye maporomoko. Maji huanguka mita zipatazo 15, na manyunyu hukufikia uliposimama. Usiwaache watoto wayanywe wala kuyachezea, maana mto umepita makazi ya watu kabla ya kufika hapo. Tulikaa chini tukala mandazi yaliyobaki. Kupanda ngazi Baba Neema alipumzika mara mbili, nami nilijikaza nisimshike mkono kumhesabia mapigo. Tulikuwa tumetembea karibu saa tatu.

Jioni nilimpima: 148 kwa 94. Sikutegemea zaidi kwa siku moja, na nilimkumbusha vidonge vyake. Jumamosi iliyofuata aliamka kabla yangu. Nilimsikia jikoni akifungua kabati moja baada ya jingine, akitafuta ile chupa ya chuma.