Kulabu Ndogo za Wafumi wa Ruiru na Thika

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya kaskazini hufika kwanza Ruiru, mji uliojulikana kwa kahawa yake, ambako kituo cha utafiti kilitoa mbegu iitwayo Ruiru 11 katika mwaka wa 1985. Akiendelea mbele hufika Thika, mji uliofikiwa na reli mwaka wa 1913, penye maporomoko ya mito ya Chania na Thika karibu na hoteli ya Blue Posts. Barabara pana iliyofunguliwa mwaka wa 2012 imeifupisha sana safari hiyo. Lakini mpita njia huona kuta za viwanda tu. Kazi ya vidole iliyomo ndani haioni.

Miongoni mwa kazi hizo ni ufumi. Ruiru viko viwanda vya kusokota nyuzi na kufuma mablanketi, na Thika kipo kiwanda cha Thika Cloth Mills. Tena, kabla ya mashine yoyote kuja, wanawake wa Kikuyu na wa Kikamba walisuka viondo kwa mikono mitupu. Msusi wa kiondo ajua neno ambalo mfumi naye alijua: kosa la kitako halifichiki mdomoni.

Kwa mfumi, kitako ni mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotangulia kutandazwa kitandani. Kila uzi hauna budi kupita katika tundu la kitanzi chake, kisha katika nafasi yake baina ya meno membamba ya kitana. Nguo ya upana wa sentimita 90, yenye nyuzi 20 katika kila sentimita, inazo nyuzi 1,800, na kila mmoja huvutwa mara mbili. Blanketi la sufu la upana wa mita moja, lenye nyuzi 5 kwa sentimita, lataka nyuzi 500. Uzi mmoja ukiruka nafasi yake, mstari wa kosa huonekana tangu mwanzo wa nguo hata mwisho, na mnunuzi hukataa.

Kazi hiyo hufanywa kwa kulabu mbili. Ya kwanza ni nyembamba na ndefu, yenye ncha iliyopindwa, nayo hupita katika kitanzi. Ya pili ni bapa kama jani, iliyokatwa pengo ubavuni, nayo huingia baina ya meno ya kitana. Yafaa watu wawili wasaidiane: mmoja akae nyuma akitoa nyuzi kwa zamu yake, mwingine akae mbele akivuta. Kila fungu likiisha, lihesabiwe na kufungwa kifundo chepesi kabla ya kuanza jingine. Kosa lililoonekana hapo larekebishwa kwa dakika chache. Likionekana baada ya kufuma kuanza, huenda kazi ya siku nzima ikafumuliwa.

Mara nyingi kosa hutoka katika kulabu yenyewe. Ncha iliyopata ukali mdogo usioonekana kwa macho hunasa nyuzi na kuzichana. Kutu huitia nguo madoa. Mpini uliolegea huugeuza mkono na kuuchosha. Basi mfumi mwangalifu huipima kulabu yake kabla ya kazi. Huipitisha polepole juu ya soksi nyembamba ya nailoni au pamba laini. Ikinasa, huisugua kwa msasa laini kuelekea nchani, kisha huipima tena. Kutu nayo huondolewa kwa msasa, kulabu ikapakwa mafuta kidogo ya cherehani na kupanguswa hata kitambaa kisitoke na doa. Ncha ngumu iliyopinda isinyoshwe ingali baridi, maana huenda ikavunjika. Ipashwe moto mpaka iwe nyekundu, iachwe ipoe polepole, ndipo inyoshwe kwa koleo. Mpini uliolegea hutiwa gundi na kuzungushiwa uzi imara. Wala kulabu nene isilazimishwe kupita katika kitana, kwa kuwa jino likipinda, nguo zote zitakazofuata zitakuwa na alama.

Asiye na kulabu ya dukani aweza kujifanyia. Spoki ya baiskeli iliyochakaa hukatwa, ncha yake ikapondwa juu ya chuma mpaka iwe bapa, ikakatwa pengo kwa tupa, ikalainishwa kwa msasa, na kutiwa mpini wa mti.

Katika viwanda kazi hii imepunguzwa. Nguo ya namna ile ile ikifumwa tena, nyuzi mpya hufungwa kwenye ncha za zile za zamani, mara nyingi kwa mashine, zikavutwa zote pamoja. Lakini nguo ya namna mpya ikitakiwa, lazima kila uzi upitishwe upya mahali pake; na palipo na kitanda cha mkono, kulabu ndiyo tegemeo.

Jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1990, nguo za mitumba na za kutoka nje zilipojaa sokoni, viwanda vingi vya nguo vya Kenya vilifungwa, na mafundi wake wakatawanyika. Mashine huweza kununuliwa tena. Mkono uliozoea haununuliki, hufundishwa na mkono mwingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana aketiye kando ya fundi mzee na kujifunza kunoa, kunyosha na kupima kulabu moja, amekwisha kuziba ufa mmoja katika kazi ya ufumi.