Jina na Mwenye Jina

Nje ya nyumba ya wazazi, mtu wa kwanza kuandika jina la mtoto kwa wino mara nyingi ni mwalimu. Kazi hiyo niliifanya tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1972 hadi nilipostaafu ualimu mkuu mwaka 2010. Kila asubuhi, daftari la mahudhurio mkononi, niliwaita akina Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko na Sikujua. Wageni huyacheka majina haya. Sisi tuliokulia vijijini twajua kwamba kila moja ni habari fupi ya nyumba fulani: mama aliyezika watoto wawili kabla ya huyu, baba aliyeondoka mimba ikiwa changa, au mwaka wa njaa.

Miaka michache iliyopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni muuguzi na mama wa watoto watatu. Jina lake lilikuwa mojawapo ya hayo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alinieleza kwamba anataka kulibadili, na kwamba mtu mmoja mjini amekwisha kumwahidi cheti kipya cha kuzaliwa kwa siku tatu, ilimradi aape kuwa hajawahi kuandikishwa popote.

Nilianza kwa kumkumbusha marehemu mama yake, niliyemfahamu. Nikasema jina lile ni ukumbusho wa mama. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, dhiki ile ilikuwa ya mama. Mimi nimeibeba miaka arobaini na mitatu. Kila ninapoitwa kwenye foleni ya benki watu hugeuka kunitazama. Mama namkumbuka bila ya jina hilo."

Kwa hilo sikuwa na la kumpinga. Aliyenitia wasiwasi ni yule mtu wa mjini. Watu wa namna hiyo twawaita vishoka: hawana ofisi, hawana leseni, lakini mihuri wanayo. Nikamwambia, "Mwanangu, kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Tena fikiri, cheti hicho kitamtambulisha nani? Mtu ambaye hakusoma, hakuajiriwa, wala hakuchangia pensheni hata mwezi mmoja." Nikamkumbusha mwaka 2017, Serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wa umma na kutangaza kwamba 9,932 kati yao walikuwa na vyeti vya kughushi. Yeye vyeti vyake vilikuwa halali kabisa. Ingekuwa msiba kuviharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Tukaenda kwanza kwa wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hawa, na mwananchi asiye na uwezo huhudumiwa bure. Binti mmoja pale alitusikiliza kwa makini, akatutofautishia mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Ikiwa jina la mtu limeandikwa Zena hapa na Zainabu pale, lakini mtu ni yule yule, huapa kiapo mbele ya kamishna wa viapo kueleza kwamba majina yote mawili ni yake. Lakini anayeliacha jina moja na kuchukua jingine huhitaji hati ya kubadili jina, ile ambayo mawakili huiita didi poli. Hiyo ikatupeleka kwa wakili.

Wakili alitaka kuona vyeti vyote vya zamani. Muuguzi wangu alishangaa, kwa maana alidhani safari hii ni ya kuviacha. Wakili akamweleza kwamba hati hutaja jina la zamani na jipya kwa pamoja, mwenyewe hutamka kuwa ameliacha la kwanza, kisha hati husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Vyeti vya shule na chuo hubaki kama vilivyoandikwa; hati huambatanishwa navyo kila viendapo, kwa mwajiri, kwenye mfuko wa pensheni, benki na ofisi ya vitambulisho. Ndipo nikaona tofauti yake na kazi ya kishoka. Cheti cha kishoka kingemkata na maisha yake ya nyuma. Hati ya wakili ilimpa daraja la kuvukia pamoja na maisha hayo.

Nilimwuliza wakili jina la hati hiyo limetoka wapi. Alisema ni la sheria ya Kiingereza ya zamani. Mkataba wa watu wawili ulikatwa kwa ukingo wa menomeno ili vipande viweze kulinganishwa, lakini hati ya mtu mmoja ilikatwa ukingo ulionyooka. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Jina twapewa na wengine bila kuulizwa. Katika kulibadili, sheria husikiliza sauti ya mtu mzima mmoja tu, yeye mwenyewe.

Si kila mahali mambo yalikuwa hivyo. Mwaka 1972, katika nchi iliyoitwa Zaire, raia waliamriwa kuacha majina ya ubatizo ya kigeni na kuchukua ya Kiafrika. Majina hayo huenda yalikuwa mazuri, lakini aliyeamua hakuwa mwenye jina. Mwalimu Nyerere alibatizwa mwaka 1943 kwa jina la Julius, na Kambarage hakulitupa. Huo nao ulikuwa uamuzi wake.

Shughuli ya mwanafunzi wangu ilichukua miezi, na nauli za kwenda na kurudi zilimchosha. Hatimaye hati ilitoka. Jina alilolichagua ni lake, sitaliandika hapa. Siku ya kwanza kumwita kwalo ulimi wangu ulisita, kwa kuwa nilikuwa nimeliita lile jingine tangu alipokuwa na miaka saba. Aliitika mara moja, kwa sauti ambayo darasani sikuwahi kuisikia kwake.

Ndugu msomaji, ukiwa na haja kama hiyo, usione haya, wala usikimbilie njia ya mkato. Kusanya vyeti vyako vyote, hata vile usivyovipenda, umtafute msaidizi wa kisheria au wakili mwenye ofisi inayojulikana. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Nami naongeza kwamba jina lililopatikana kwa haki halihitaji kujificha gizani.