Nilipita mlangoni pa mjomba bila kubisha hodi

Mpenzi msomaji, je, umewahi kufika kijijini kwa jamaa yako kutazama mpira, kisha ukarudi kwako bila hata kubisha hodi? Mimi nimewahi. Leo nakusimulia kisa hicho ili yasikupate yaliyonipata.

Nililelewa Homa Bay, katika nyumba ambamo Gor Mahia ilihesabiwa kama mtu wa ukoo. Wala si ajabu, kwa kuwa klabu hiyo iliyoundwa mwaka 1968 ilipewa jina la Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa, huko huko kwetu, aliyesifika kwa miujiza. Baba hakuchoka kutusimulia jinsi K'Ogalo ilivyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Walitoka sare ya 2-2 na Esperance kule Tunis, wakatoka sare tena ya 1-1 jijini Nairobi, na kombe likabaki Kenya kwa mabao ya ugenini.

Mjomba, ndugu yake mama, hakubabaishwa na hayo. Yeye ni mkulima wa miwa Awendo, Migori, na timu yake ilikuwa Sony Sugar, klabu ya kampuni ya sukari ya huko. Mwaka 2006 Sony ilinyakua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Nilikuwa ningali mwanafunzi. Alinishika mkono akanipeleka Green Stadium, akanionyesha uwanja ule kana kwamba ni boma alilolijenga kwa mikono yake.

"Okewa," aliniambia, yaani mpwa wangu, "kombe la Kenya liko hapa katikati ya miwa. Lenu la mwisho lilikuwa lini?"

Jibu nililijua. Lilikuwa la mwaka 1995. Nikanyamaza.

Maneno hayo niliyaweka moyoni kama deni. Mwaka 2013 Gor ilipotwaa ubingwa tena baada ya kungoja miaka 18, nilikuwa nimemaliza chuo cha uanahabari na nina vijisenti vyangu mfukoni. Basi Gor ilipokwenda kucheza Awendo, nilivaa jezi ya kijani na kupanda matatu pamoja na wenzangu. Tuliimba kutoka Homa Bay hadi Rodi Kopany, tukaimba hadi Rongo, na tulipoanza kupishana na matrekta yaliyosheheni miwa, sauti zilikuwa zimekwisha kukauka.

Shabiki aliye ugenini ana kiburi chake, msomaji. Hakuna anayemjua, kwa hiyo hana wa kumwonea haya. Lakini mimi nilijulikana. Kabla ya mpira kuanza, mjomba alinitafuta katikati ya umati, akanifikia akiwa na chupa mbili za soda. Akaniambia kuwa mkewe amechinja kuku, kwa hiyo nisirudi Homa Bay kabla ya kula.

Wenzangu walikuwa wakitutazama. Nami, kwa kutaka sifa, nikasema kwa sauti, "Nera, hii ni timu ya kampuni. Siku kampuni ikichoka, mtabaki kuishangilia miwa!"

Watu waliangua kicheko. Mjomba alitabasamu, akaziweka soda chini karibu na miguu yangu, akaenda zake. Mpira ulipokwisha nikarudi na matatu ile ile. Baadaye mama aliniambia kwamba kuku yule alikaa mezani hadi saa nne za usiku.

Mwaka 2019 Sony Sugar iliondolewa ligi kuu baada ya kukosa kufika uwanjani kwa mechi tatu. Nilikuwa nimebashiri sawasawa, wala haikuwa mara ya kwanza kwa bingwa kutoweka. Oserian Fastac, timu ya kampuni ya maua kule Naivasha, ilishinda ligi mwaka 2001 na 2002, na leo haipo ligini. Lakini sikuona fahari yoyote. Nilishika simu nimpigie mjomba, nikairudisha mfukoni. Ningemwambia nini?

Majuzi nilifunga safari nikaenda peke yangu, bila jezi. Safari hii nilianza nyumbani kwake. Nywele zimekuwa nyeupe, na anatembelea mkongojo. Jioni akaniambia twende uwanjani. Hapakuwa na mechi, ila vijana wachache waliokuwa wakicheza pekupeku. Tulikaa tukiwatazama, na hapo nikamwomba radhi kwa maneno yale.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Miwa ukiikata huchipuka tena shinani. Mara ya pili, mara ya tatu. Halafu shina huchoka, na huna budi kung'oa upande upya. Timu ni hivyo hivyo. Ulilosema kuhusu timu halikunikera, okewa. Kilichonikera ni yule kuku."

Sikuwa na la kujibu. Tulirudi polepole, yeye na mkongojo wake, nami nikiwa nyuma. Mkewe alikuwa ametenga ugali.

Msomaji, huko nyumbani Homa Bay tuna uwanja mpya uliopewa jina la Raila Odinga, ambako sherehe za Madaraka zilifanyika tarehe 1 Juni 2025. Mashabiki wageni watakuja kwetu pia. Wewe unayesafiri kuifuata timu yako, imba upendavyo na uwatanie wenyeji upendavyo. Lakini kama una jamaa pale, pitia kwake kwanza. Timu inaweza kupandwa upya. Kuku wa mjomba akishapoa, ni vigumu kumpasha moto.